Maji Maangavu Si Kipimo: Namna ya Kupeleleza Maeneo ya Uzamiaji Geita na Kanda ya Ziwa

Yeyote anayetoka Kata ya Kalangalala, mjini Geita, kutafuta maji ya kuzamia kwa mtungi wa hewa hukutana na aina mbili za maji zisizofanana hata kidogo. Kaskazini lipo Ziwa Victoria na Ghuba yake ya Nungwe, ambako maji ni ya kijani na mtu aliyesimama yakamfika kiunoni mara nyingi haoni miguu yake. Kwingineko, kwenye vilima na mabonde ya ukanda wa dhahabu unaotoka Geita hadi Kahama na Shinyanga, yapo mashimo ya machimbo yaliyoachwa, na baadhi yake yamejaa maji yaliyotulia, yenye rangi ya samawati, maangavu kama kioo. Jicho la mgeni huvutwa na maji haya ya pili. Kwa mpelelezi wa maeneo ya uzamiaji, hayo ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye orodha.

Nchini Tanzania uzamiaji wa burudani unafahamika zaidi pwani, katika maji ya Mafia, Pemba na Unguja. Kwa maji baridi, sifa nyingi huenda Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambako samaki wa rangi wa kwenye miamba huonekana kwa mbali bila taabu. Kanda ya Ziwa Victoria haitajwi sana. Hata hivyo, wapo wazamiaji ambao hawaridhiki na maeneo yaliyokwisha kujulikana. Hutafuta mabwawa, machimbo ya mawe yaliyofurika, migodi ya zamani, visiwa visivyo na hoteli. Udadisi huo si jambo baya. Ndio uliozaa vituo kadhaa vya uzamiaji duniani mahali ambapo hapo awali palikuwa shimo tu.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Bonne Terre, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Huo ulikuwa mgodi wa risasi hadi mwaka 1962, pampu zilipozimwa na maji yakapanda yakajaza vyumba vya chini ya ardhi. Nchini Uingereza, machimbo ya mawe ya Stoney Cove yalisimamishwa mwaka 1958, chemchemi zikayajaza, na leo ni mahali pa kufunzia wazamiaji. Karibu na nyumbani, katika jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, upo mgodi wa zamani wa asbesto uitwao Komati Springs, ambao sasa hutumika kufundishia uzamiaji wa kina kirefu na wa mapangoni.

Mtu akisoma habari hizo akiwa Geita, ni rahisi kujiuliza kwa nini shimo la nyuma ya kilima lisifanywe vivyo hivyo. Jibu liko katika mambo ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi. Bonne Terre na Stoney Cove zina mmiliki anayewajibika kisheria, zina njia zinazojulikana za kuingilia na kutokea, viongozi wanaojua kila kona, vifaa vya uokoaji vilivyo tayari ukingoni, na madini yaliyochimbwa humo ni tofauti kabisa na dhahabu ya Geita. Shimo la nyuma ya kilima halina hata kimoja kati ya hivyo.

Kilichomo ndani ya shimo

Uchimbaji wa dhahabu Geita una historia ndefu. Mgodi wa awali ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, kwa mashimo ya chini ya ardhi. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katikati na kandokando ya vipindi hivyo wachimbaji wadogo wamechimba maduara yao maelfu kwa maelfu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashimo ya zamani ilichimbwa na kuachwa kabla ya sheria hiyo kuwapo.

Uangavu wa maji hayo una sababu zake, na si sababu za kufurahisha. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi hukaa pamoja na mawe yenye salfaidi. Mawe hayo yanapofunuliwa na kukutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali zilizomo ndani ya mwamba, ikiwamo arseniki. Katika maji ya asidi vumbi laini hugandana na kuzama, mwani haustawi, viumbe hupungua. Yanabaki maji maangavu kwa sababu karibu hakuna kinachoishi ndani yake. Kwa maneno mengine, kile ambacho mzamiaji angekihesabu kuwa sifa njema huweza kuwa dalili ya sumu. Ziwa lenye kijani, konokono na furu lina kasoro zake, lakini angalau linaonyesha kwamba kiumbe chenye damu kinaweza kukaa humo.

Pale ambapo wachimbaji wadogo wamechenjua dhahabu, huongezeka zebaki, na kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio huongezeka sayanidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na juhudi za kupunguza matumizi yake zinaendelea, ila zebaki iliyokwisha kutua kwenye tope la chini ya bwawa haiondoki kwa mkataba. Mzamiaji hutibua tope hilo kwa kila pigo la mapezi yake. Akivaa miwani isiyobana sawasawa, maji humwingia puani na mdomoni.

Aina moja ya bwawa haistahili hata mjadala, nalo ni bwawa la topesumu la mgodi. Uso wake unaweza kuonekana kama ziwa dogo lenye utulivu, na chini yake ni tope laini lisilobeba uzito wa mtu. Ni eneo lenye leseni, uzio na walinzi, na si mahali pa kupeleleza kwa namna yoyote.

Hata kama maji yangekuwa safi kama ya kisima, umbo la shimo lenyewe ni hatari. Kuta za machimbo husimama wima. Aliyeingia kwa kuruka hapati pa kushikia wakati wa kutoka. Mwamba uliolipuliwa kwa baruti huwa na nyufa, na maji yakipanda au kushuka vipande humeguka. Chini kunaweza kuwa na matimba yaliyooza, kamba, nyaya na midomo ya njia za zamani za wachimbaji. Njia hizo huwavuta wenye udadisi kupita kiasi, na aliyeingia humo hana tena uso wa maji juu ya kichwa chake: ana mwamba. Huo ni uzamiaji wa mapangoni, fani yenye mafunzo yake ya pekee, mitungi ya akiba na kamba ya kurudia. Mafunzo ya awali ya uzamiaji hayatoshi kwa kazi hiyo.

Kwa wakazi wa maeneo ya machimbo hakuna jipya katika onyo hili. Watoto huenda kuogelea kwenye mashimo hayo wakati wa joto, ng'ombe huteleza humo, na familia zinajua gharama yake. Kinachoweza kuongeza hatari ni mtu mzima mwenye vifaa vya kigeni kuonekana akizama na kuibuka humo akicheka. Vijana wanaomtazama hawana mtungi wala mafunzo, na kesho yake watakuwa hapo peke yao.

Malambo ya mifugo, yaliyo mengi zaidi upande wa Shinyanga, hayahitaji maelezo marefu. Ni mafupi kwa kina, yana tope, na ni maji ya kunywa ya mifugo na wakati mwingine ya watu. Mzamiaji hana la kuona humo.

Kinachobaki ni ziwa

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Kwa ukubwa huo halina kina cha kutisha: wastani ni mita 40 hivi na sehemu yenye kina zaidi ni takriban mita 80, wakati Ziwa Tanganyika hufika mita 1,470. Mpelelezi hahitaji kina hicho chote. Maisha ya kupendeza ya ziwa hili yako kwenye miamba ya visiwani, katika mita chache za juu ambako mwanga hufika.

Humo ndimo wanamoishi furu. Kwa mvuvi furu ni samaki mdogo wa chambo au wa kukaushwa. Kwa mwanasayansi ni mojawapo ya maajabu ya viumbe hai. Takriban spishi 500 za furu zilitokea ndani ya ziwa hili katika muda mfupi mno kwa hesabu za jiolojia. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amefyeka furu wengi wa maji ya wazi. Wale wa miambani, ambao wenyeji wa upande wa Mwanza huwaita mbipi, walisalimika zaidi kwa sababu sangara mkubwa hapenyi kwenye nyufa za mawe.

Mmoja wao ana jina ambalo kila Mtanzania atalitambua. Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza walimwelezea kisayansi furu wa miambani ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, wakampa jina la Mwalimu Nyerere. Leo huitwa Pundamilia nyererei. Jamaa yake wa karibu, mwenye dume la rangi ya samawati, ni Pundamilia pundamilia. Jenasi nzima imebeba neno la Kiswahili.

Samaki hawa wawili wanamfaa mpelelezi kwa namna ambayo huenda hakuitarajia: ni kipimo cha maji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanasayansi walilinganisha visiwa kadhaa vya eneo la Mwanza. Kwenye Kisiwa cha Makobe, chenye maji ambayo mwanga hupenya zaidi ya mita 2 kwa kipimo cha diski, dume jekundu na la samawati walikuwa jamii mbili zilizo wazi: wa samawati juu, wekundu chini zaidi, na majike wakichagua kwa rangi. Kwenye Kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza, ambako diski hupotea machoni kwa karibu nusu mita, hakukuwa na jamii mbili tena. Majike hawakuweza kutofautisha rangi katika maji ya tope, na mipaka ikafutika. Maji yanapochafuka kwa udongo wa mashambani na mbolea, ziwa hupoteza spishi hata bila mvuvi kutupa wavu.

Anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Geita huvuka ghuba hiyo hiyo kwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 19, 2025. Akitazama kaskazini anatazama upande wa maji yaliyo wazi zaidi. Kusini ni upande wa maji mazito. Kanuni hii husaidia pia upande wa Geita na Chato: ncha za ndani za ghuba, penye mafunjo, magugu maji na midomo ya mito, hazifai. Visiwa vya mawe vilivyoelekea maji makuu, vyenye miamba mikubwa inayoshuka kwa ngazi, ndivyo vya kuchunguza.

Diski yenyewe ni kifaa ambacho fundi yeyote wa mabati mjini Geita anaweza kukitengeneza. Ni duara la upana wa sentimita 20 hadi 30, lililopakwa rangi nyeupe au robo nyeusi na robo nyeupe, likiwa na uzito chini na kamba yenye alama za kila sentimita 10. Hushushwa majini upande wa kivuli wa mtumbwi hadi lipotee machoni, kisha hupandishwa hadi lionekane tena; wastani wa vipimo hivyo viwili ndio kina cha uangavu. Padri Mwitaliano Angelo Secchi ndiye aliyeanzisha kipimo hiki mwaka 1865, na bado hutumiwa na watafiti wa ziwa. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huingiza tope. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini huyakoroga maji ya ziwa. Sehemu iliyopimwa mara moja kwa kila mwezi wa mwaka inajulikana. Iliyopimwa mara moja tu imekisiwa.

Kazi ya nchi kavu

Sehemu kubwa ya upelelezi hufanyika kabla ya mtu yeyote kulowa. Mahali pa kuanzia ni mwaloni. Neno hili lina maana mbili Geita, na mgeni hana budi kuuliza vizuri: kwa wavuvi, mwalo ni mahali samaki wanaposhushwa, kwa wachimbaji, mialo ni mahali dhahabu inapooshwa na kuchenjuliwa. Mpelelezi anautaka mwalo wa wavuvi, na asiuzamie wa wachimbaji.

Kwenye mwalo hupatikana viongozi wa Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, kinachojulikana kwa kifupi kama BMU. Wao wanajua mwamba uliozama unaokwaruza mitumbwi, mahali nyavu hunasa na kuachwa, mahali mamba alipoonekana wiki iliyopita, na kiboko apandaye nchi kavu usiku. Pia wanajua mazalia ya samaki, ambako hapana ruhusa ya kusumbua. Kujitambulisha kwao kuna sababu nyingine nzito. Uvuvi wa kutumia mitungi ya gesi ni haramu nchini, na mtu asiyejulikana anayeonekana akiibuka majini na mtungi mgongoni, karibu na nyavu za watu, atachukuliwa kuwa mhalifu. Barua kutoka ofisi ya uvuvi ya halmashauri, iliyosomwa mbele ya uongozi wa mwalo, huondoa mashaka hayo kabla hayajazaa ugomvi. Mzamiaji asishuke na mkuki wala mfuko wa samaki.

Maji yanayozunguka Kisiwa cha Rubondo ni habari tofauti. Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, na sehemu ya eneo lake la takriban kilomita za mraba 457 ni maji. Humo mamba na viboko wamehifadhiwa pamoja na sangara wanaozaliana, na lolote la kufanyika humo huamuliwa na TANAPA. Kwa idadi ya mamba waliopo, mpelelezi mwenye busara hataomba.

Nyavu zilizotelekezwa ndizo tishio ambalo wazamiaji wa baharini hulidharau wanapokuja ziwani. Timba, nyavu za uzi mmoja mwembamba usioonekana majini, zimepigwa marufuku lakini vipande vyake vingali vimeviringika kwenye miamba. Katika maji ya kijani mtu huuona wavu baada ya kunaswa. Kila mzamiaji hubeba vifaa viwili vya kukatia, kimoja kifuani na kingine mguuni, ili mkono wowote uliobaki huru ufikie kimojawapo. Pale ambapo mwenzake haonekani kwa umbali wa mkono mmoja, huunganishwa naye kwa kamba fupi, au mzamo husitishwa.

Chombo cha majini kinapaswa kuwa kimekaguliwa na TASAC, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kusikilizwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Dhoruba za radi za ziwani hupenda usiku na alfajiri, na upepo huchachamaa mchana. Nafasi ya mzamiaji ni saa chache za asubuhi zilizo kati ya hayo mawili.

Yapo pia maswali ya hewa. Mitungi hujazwa kwa kompresa maalumu yenye vichujio vya hewa ya kupumua. Mjini Geita kompresa si kitu adimu: zipo za kuchorongea miamba na za kujazia matairi. Hizo hutoa hewa yenye mvuke wa mafuta na huenda ikachanganyika na moshi wa injini, wenye hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Kiasi kidogo ambacho juu ya ardhi kingeleta maumivu ya kichwa, kwenye kina cha mita 10 huzidishiwa nguvu na mgandamizo. Mtungi uliojazwa kwa kompresa ya machimboni umekwisha kuua kabla haujavaliwa.

Hesabu za mwinuko

Majedwali mengi ya uzamiaji yameandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari, na mwinuko wowote unaozidi mita 300 hutaka marekebisho. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Hapo mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 87 ya ule wa Dar es Salaam. Baharini mgandamizo huongezeka maradufu mtu anaposhuka mita 10. Ziwani huongezeka maradufu kwenye mita 9. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini kinachoamua usalama wa mzamiaji ni uwiano kati ya mgandamizo wa chini na ule wa juu anakorudi. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa pupa zaidi pale ambapo hewa ni nyepesi, na ikitoka kwa mapovu huleta maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo.

Kwa hiyo mzamo wa mita 18 katika Ziwa Victoria husomwa kwenye jedwali la pwani kana kwamba ni wa karibu mita 21. Kupanda kwenda juu hufanywa polepole zaidi. Aliyetoka pwani siku hiyo hiyo hupumzika kwanza, kwani mwili wake bado una naitrojeni ya usawa wa bahari. Baadhi ya wakufunzi hushauri saa 12. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 huhitaji kupunguza kama kilo 2.5 za risasi kwenye mkanda, la sivyo atazama kwa kasi kuliko alivyozoea. Na anayerudi kwa ndege kutoka Mwanza husubiri saa 12 baada ya mzamo mmoja, au 18 ikiwa alizama mara kadhaa. Chemba ya kutibu maradhi ya mgandamizo si kifaa cha hospitali ya kawaida, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutozidi mita 18 katika kanda hii.

Mahali pasipo pa utalii

Mpelelezi atakayeuliza kuhusu mabaki ya vyombo vilivyozama ataelekezwa kwa majina mawili. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza, na kuchukua mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara Septemba 20, 2018, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Duniani mabaki ya meli ni kivutio cha wazamiaji. MV Bukoba ni kaburi, na familia za waliomo zinaishi kando ya ziwa hilo hilo. Haingii kwenye orodha ya maeneo.

Ajali ya Ukara ina jambo jingine linalogusa mada hii. Siku mbili baada ya kivuko kupinduka, wazamiaji walimtoa mhandisi wake akiwa hai, aliyekuwa amejificha kwenye chumba chenye hewa iliyobaki. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu aliyefunzwa katika maji maangavu ya Mnemba pekee. Huhitaji mikono iliyozoea kufanya kazi gizani, miongoni mwa nyavu, kwenye mwinuko, karibu na mwalo wenye watu wanaolia. Miamba michache ya Geita na Chato iliyopimwa vizuri, yenye kina kinachojulikana na ruhusa za wazi, ingewapa askari wa Zimamoto na Uokoaji na vijana wa mialoni mahali pa kujifunzia karibu na kwao. Hapo ndipo thamani kubwa ya upelelezi huu ilipo, kuliko katika mtalii mmoja mmoja atakayekuja. Mpango wowote wa kuzama hupelekwa kwanza kwa ofisi ya jeshi hilo mkoani, na namba ya dharura, 114, hujulikana na anayebaki juu ya chombo.

Mwisho ni kichocho. Kwenye kingo za ziwa, konokono wa kwenye mafunjo hubeba kichocho cha tumbo; kwenye malambo na vidimbwi vya bara hubeba kile cha mkojo. Vijidudu hutoka kwa konokono hasa jua linapokuwa kali na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kuingia majini kutoka kwenye mtumbwi penye kina, mbali na ukingo, hupunguza hatari, vazi zito la kuzamia huipunguza zaidi, haliifuti. Vifaa husuuzwa kwa maji ya bomba na kuanikwa hadi vikauke kabisa. Kupima mara tu baada ya kutoka majini hakusaidii, kwa kuwa minyoo huwa bado michanga na dawa ya prazikwantel huua zaidi iliyokomaa. Mzamiaji huandika tarehe ya mzamo wake, na baada ya wiki sita hadi nane huenda kituo cha afya kupima kinyesi na mkojo, akiwa na tarehe hiyo mkononi.